Mlima Wangu, Mbwa wa Gary

Jumamosi, 10 Januari 2015

Leo nimemtembeza mbwa. Naandika mara moja tu, halafu daftari hili litakaa chini ya godoro.

Mimi Liberati, niliyekuwa kiongozi wa bloku katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, Tanzania, kaya mia mbili na kumi na nne, kipaza sauti begani. Leo nimefungwa kamba na mbwa. Wanasema mtu ndiye anayemwongoza mbwa kwa kamba. Hawajakutana na huyu.

Sababu ni hii. Gary, msimamizi wetu kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa, ameteleza kwenye ngazi za nyumba yake akavunjika mguu. Mbwa wake amezoea kupelekwa msituni kila Jumamosi, masaa mawili, na theluji ikizidi ndiyo anafurahi. Asipopelekwa anakula makochi. Gary akaja kazini na magongo yake, akauliza nani haogopi mbwa. Nikainua mkono kabla sijakumbuka kwamba Lukole waliniuma mara mbili.

Gary ndiye anayechagua watu wa kujifunza kuendesha foklifti, na dereva wa foklifti haingii kwenye friza. Kwa hiyo nitakaa kwenye baridi Jumamosi ili nitoke kwenye baridi siku tano za kazi. Nilimweleza mke wangu Angelika mpango huu, hatua kwa hatua. Aliniuliza kama nimekula.

Mbwa ni mweupe pe, masikio hadi mkia. Anaitwa Bruno. Kaka mkubwa wa Angelika, yule wa Bujumbura aliyesimamia harusi yetu, naye anaitwa Bruno. Nyumbani nasema tu "yule wa Gary".

Msitu uko nje ya mji wetu wa Buffalo, karibu na kwa Gary, nyuma ya nyumba moja ya kutunzia wazee. Una kilima. Nilivaa soksi jozi tatu na mifuko ya nailoni juu yake, ujuzi wa kambini wakati wa masika. Theluji ilifika magotini. Nimeanguka mara nne, mbwa hata mara moja. Lakini yeye ana miguu minne, hatuwezi kulinganishwa.

Jumamosi, 17 Januari

Amenikimbia.

Tulikuwa kileleni. Akaona kindi, kamba ikaniponyoka, na mbwa mweupe akaingia kwenye theluji nyeupe. Kwisha habari yake. Nilimtafuta kwa macho kila upande nikaona miti tu. Nikamfikiria Gary akiwa mlangoni na magongo yake, nami nikimkabidhi kamba tupu.

Sasa nilikuwa nimezama hadi mapajani, kwa hiyo nikapiga magoti, maana hapakuwa na namna nyingine ya kujinasua. Nikainua mikono yote miwili. Nikaita kwa sauti ile ya bloku, ambayo sijaitumia tangu tufike Amerika. Rudi! Nakuomba, rudi! Usiniache peke yangu, nimekukosea nini? Nililia kidogo. Machozi yaliganda yakaniuma mashavuni.

Alirudi nilipofungua ndagala za kukaanga alizonifungia Angelika. Samaki wadogo tu wa kwetu, wa dukani Grant Street, na yule mbwa aliwala hadi wa mwisho, halafu akalamba mfuko. Jambo la kukumbuka: kila safari, ndagala.

Jumapili, 18 Januari

Kanisani leo pametokea jambo.

Wakati wa ushuhuda alisimama Kabanyana, yule mama wa Kongo, wa milima ya Kivu, anayefanya kazi kwenye nyumba ile ya wazee. Alisema jana alitoka nje kutupa takataka, akasikia mtu analia kilimani. Akatazama. "Nilimuona na macho yangu," alisema. "Iko peke yake mu theluji, anapiga magoti, anainua mikono, analia kwa Mungu asimuache. Sisi tunalala, yeye iko ku mulima." Kisha akaninyooshea kidole.

Asiyetujua hataelewa uzito wake. Kwetu sisi, Warundi na Wakongo, mtu mwenye shida kubwa hupanda mlimani kuomba. Kambini tulipanda. Wao Kivu walipanda. Lakini hapa Buffalo, tangu Novemba hadi Aprili, hakuna anayepanda kitu chochote. Hata Pasta Byamungu huomba karibu na hita. Na sasa kumbe yupo mmoja, na ni Liberati wa friza.

Kanisa zima liligeuka. Protasi naye aligeuka. Protasi alikuwa makamu wangu kwenye bloku, yeye ndiye aliyebeba betri za kipaza sauti. Siku hizi ana ufunguo wa kanisa na gari la viti saba, na akinisalimu hunigusa bega kana kwamba nimefiwa.

Nilisimama niseme ukweli. Nilikuwa nayo sentensi tayari: ndugu zangu, ilikuwa mbwa. Pasta akasema tazameni unyenyekevu, anataka kukana. Nikakaa. Kukaa si kusema uongo. Nimelifikiria jambo hilo mchana kutwa na nimeridhika nalo.

Baada ya ibada likatolewa tangazo: mzee wa kanisa aliyehamia Louisville atapata mrithi mwisho wa Februari, Pasta na kamati watatazama maisha ya mtu ya maombi. Mzee Liberati. Nimelitamka bafuni mara tatu, kwa sauti tatu tofauti. Ile ya katikati ndiyo nzuri.

Niseme wazi, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Miaka saba katika nchi hii hakuna aliyenyamaza kusubiri nitasema nini. Kazini naitwa Larry. Binti yangu Irakoze, miaka kumi na minne, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na kliniki ananisahihisha mbele ya daktari. Inaniuma. Nataka tu jina langu litanguliwe na neno moja.

Jumamosi, 24 Januari

Mpango umekamilika. Nimempigia Kabanyana kumshukuru kwa ushuhuda wake, na katika kumshukuru nikajua saa yake ya mapumziko ni saa nne na nusu. Nimechagua mahali kilimani panapoonekana vizuri kutoka mlango wa jikoni kwao. Kamba nimeifunga kiunoni ili mikono ibaki huru kwa kuinuliwa. Mbwa abaki upande wa nyuma, anatafuna ndagala.

Saa nne na nusu kamili mlango ukafunguka. Nikapiga magoti. Nikainua mikono. Kindi akapita.

Sikujua kwamba mtu anaweza kuteremka kilima kizima kwa tumbo bila kugonga mti. Theluji iliingia kwenye kola ikatokea kwenye soksi. Nilifika bondeni nikiwa nimelala kifudifudi, mbwa amenikalia mgongoni, nikajua yamekwisha, Kabanyana ameona kila kitu.

Jioni Angelika amepigiwa simu na watu watatu. Kabanyana amewaambia kwamba leo Liberati alijitupa kifudifudi mbele za Mungu, na kwamba aliteremka mlima wote hivyohivyo, kwa unyenyekevu. Angelika alipokea simu zote tatu kwa adabu. Kisha akaniletea mafuta ya kuchua tumbo, akanipaka. Yeye anajua habari za mbwa tangu mwanzo. Sipendi anavyonyamaza.

Jumamosi, 31 Januari

Protasi yuko mlimani! Mlimani kwangu!

Nilimkuta amekuja na kiti cha kukunja na chupa ya chai. Alikuwa amekaa palepale nilipopachagua, amekabili mlango wa jikoni, Biblia mapajani, kofia ya manyoya. Nilijificha nyuma ya mti mnene, mkono mmoja kwenye mdomo wa Bruno, mwingine ukimlisha ndagala ili asibweke. Protasi aliomba dakika kumi na moja. Nilihesabu. Halafu akatazama mlango, akatazama saa, akakunja kiti.

Nikasikia gari lake likilia chini kule. Tairi zilikuwa zinazunguka, haliendi. Nilimwacha kidogo. Naungama hapa, nilimwacha muda wa kuimba pambio moja na kiitikio chake. Kisha roho ikanisuta, nikamfunga Bruno kwenye kichaka, nikaenda kusukuma.

Protasi alishuka akanishukuru vizuri sana, jambo lililonikera. Akanusa. Akaniuliza mbona ninanuka ndagala ilhali watu wanasema nimefunga. Nikamwambia mfungo wa mlimani una siri zake. Alinitazama kwa heshima. Sikutegemea hiyo heshima.

Jumatano, 4 Februari

Mama Kostansia amekuja nyumbani jioni hii.

Ni mjane wa kwetu Burundi, tulikuwa naye kambini, sasa anakaa mitaa miwili kutoka hapa, Lower West Side. Binti yake Florida alibaki Tanzania. Wakati majina yanaandikwa Florida alikuwa ameolewa, akawekwa kwenye faili la mume. Mume akafa. Sasa yuko kambi ya Nyarugusu na watoto wawili, na faili lake limekaa miaka sita. Mwezi huu anaitwa kwenye mahojiano ya kuja Amerika.

Kostansia hakukaa hata kwenye kochi, alikaa kwenye kiti cha jikoni pembeni. Alitoa picha ya Florida kwenye bahasha, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Akasema haniombi niombe maneno marefu. Nikipanda, nilitaje jina lake kule juu, basi. Akasema ombi la mtu anayepigwa na baridi husikika kuliko la mtu aliye karibu na hita. Akaniita Mzee. Wa kwanza kuniita hivyo ni yeye, na sikufurahi.

Nilitaka kumwambia. Mdomo uliofunguka ni uleule wa wiki zote hizi, ukasema: nitalitaja, mama.

Kostansia alipoondoka, Angelika alimenya ndizi zote, sufuria nzima. Kisha akasema, "Baba Irakoze, hiyo picha ni ya mtu." Akaendelea kupika.

Jumamosi, 7 Februari

Baridi ya leo hata redioni wamewaambia watu wasitoke. Gary amenipigia kusema naweza kuacha. Nimekwenda.

Picha ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Sikupita upande wa mlango wa jikoni. Nilipanda kwa nyuma, hadi kwenye mwamba mmoja mkubwa, upepo wa ziwani ukinipiga usoni. Bruno alikaa chini bila kuambiwa. Nilisema: Florida. Nikangoja maneno mengine, hayakuja. Nimezoea kuomba kanisani ambapo maneno yanakuja yenyewe kwa kuwa watu wanaitikia.

Basi nikasema tena Florida, nikaongeza na majina ya watoto wake yaliyoandikwa nyuma ya picha. Halafu sijui ilikuwaje, nikaanza kuitaja bloku yetu, nyumba kwa nyumba, kama nilivyokuwa nikiita siku ya mgawo wa unga. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wengine wako Columbus, wengine Louisville, wengine walirudishwa Burundi, wengine walizikwa palepale Lukole. Nilifika nyumba ya sitini na moja, ulimi ukawa mzito kwa baridi.

Nilikuwa na huzuni na nilikuwa na amani, vyote pamoja. Sikutazama mlango wa jikoni hata mara moja. Nilipofika nyumbani nilikumbuka kwamba Kabanyana hafanyi kazi wiki hii.

Bruno amekula glavu yangu ya kushoto.

Jumapili, 15 Februari

Balaa.

Pasta Byamungu ametangaza mfungo wa siku tatu, Alhamisi hadi Jumamosi. Na Jumamosi, kanisa lote litafungulia mfungo mlimani. Mlima upi? "Mulima ya ndugu Liberati," alisema, "yeye atatuongoza." Leonardi, mzee wa kanisa rafiki kule Columbus, anayekaa Hilliard, naye atakuja kuona. Na Jumapili litasomwa jina la mzee mpya. Watu walipiga makofi. Protasi alipiga makofi polepole.

Sasa kuna mbwa. Jumamosi ni siku yake na hajui habari za mfungo. Nimefikiri tangu saa saba mchana. Mpango wa kwanza, kumwambia Gary ninaumwa, hauwezekani, Gary atampa mwingine kazi na huyo mwingine atakwenda msitu uleule. Mpango wa pili ni Irakoze. Atakwenda kwa Gary, atamzungusha mbwa barabarani, mbali na kilima, hadi tushuke.

Nimemweleza Irakoze. Alisikiliza yote. Alisema kwa Kiingereza kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufanya jambo la kijinga kuliko hili. Kisha akauliza mbwa anapenda nini. Nimempa mfuko wa ndagala.

Jumamosi, 21 Februari

Naandika nikiwa bado na baridi, ingawa nimekunywa uji vikombe vitatu.

Tulipanda watu ishirini na saba. Akina mama wamevaa vitenge juu ya makoti, Pasta na fimbo, Leonardi wa Columbus na viatu vya mjini. Nilitangulia. Niliwaonyesha mwamba, nikawaonyesha mahali nilipojitupa kifudifudi. Kabanyana alithibitisha. Tukaomba, tukaimba, na kwa saa nzima nilikuwa mtu niliyekuwa zamani. Sitakataa, ilikuwa tamu.

Theluji ikaanza. Halafu upepo ukatoka ziwani ukaichukua theluji yote ya chini ukaichanganya na ya juu. Sikuona tena mkono wangu. Tuliposhuka hatukushuka, tulizunguka. Tulikuta nyayo nyingi, tukafurahi, kumbe ni zetu. Watu waliniuliza njia. Nilionyesha upande mmoja kwa uhakika, kisha wa pili kwa uhakika, kisha wa tatu. Protasi alionyesha wa nne. Mama Kostansia, siku tatu bila chakula, aliketi kwenye theluji akasema tutangulie tu, yeye atapumzika kidogo. Hapo niliogopa kwelikweli. Nimewahi kuona watu wakipumzika kidogo njiani, mwaka ule tulipokimbia.

Nilimwinua, nikamvalisha koti langu. Na katika weupe ule nikaona pua nyeusi na macho mawili.

Akina mama walipiga kelele kwamba ni mbwa mwitu. Bruno alikuja moja kwa moja, akapita watu wote, akaketi mbele yangu, akaingiza pua kwenye mfuko wangu wa suruali. Kumbe alimponyoka Irakoze.

Pasta akasema, "Bon, muzee Liberati, hii mbwa unaijua?"

Muzee. Mbele ya watu wote. Nikasema simjui. Leonardi akauliza mbona ananilamba mkono. Nikasema sijawahi kumwona mbwa huyu maishani mwangu. Protasi akauliza, taratibu tu, mbona naye ananuka ndagala. Nikasema mbwa wa nchi hii hula chochote, mimi simfahamu. Hakuna jogoo aliyewika. Majogoo wa Buffalo wote wako kwenye friza letu.

Bruno alinitazama. Kisha akageuka akaanza kushuka. Anakwenda kidogo, anasimama, anatungoja. Tukashikana makoti tukamfuata, mimi na Protasi tumemshika Kostansia huku na huku. Baada ya dakika ishirini tulikuwa kwenye maegesho ya nyumba ya wazee, tukiwa wazima. Leonardi alikuwa analia. Alisema hajaona jambo kama hilo, akaingia garini akarudi Columbus papo hapo, maana zamu yake inaanza Jumapili alfajiri.

Na hapo akatokea Irakoze anakimbia, kamba mkononi, uso wote machozi. Pasta akamwuliza kama mbwa ni wake. Mtoto akanitazama. Aliona nilivyosimama katikati ya watu. Akamjibu Pasta kwa Kiswahili, kizuri, sijui alikihifadhi wapi: "Hapana, Pasta. Ni mbwa wa rafiki yangu wa shule. Baba hamjui."

Nimepata nilichokitaka, mtoto wangu amenitetea mbele ya watu kwa lugha yangu. Na ametetea uongo. Zaidi ya uji, chakula cha kufungulia mfungo kilinishinda.

Jumapili, 22 Februari

Pasta alikuwa na karatasi yenye jina mkononi. Sikumpa nafasi ya kuisoma.

Nilisimama nikasema ilikuwa mbwa. Tangu Januari ilikuwa mbwa. Nikatumia sauti ya bloku ili wa nyuma wasikie. Nikasema niliyekuwa nikimlilia arudi ni mbwa, niliyemkana jana mara tatu ni mbwa huyohuyo, na mtoto wangu alidanganya kwa sababu yangu. Nikamwomba radhi mtoto. Irakoze alikuwa ametazama viatu vyake.

Kabanyana akauliza, polepole: "Na ile ya kuteremuka na tumbo?" Nikasema hata hiyo. Akaanza kucheka. Mama wa pembeni akacheka, kwaya ikacheka, watu wakashikana, Pasta akafuta macho kwa ile karatasi yenye jina. Sikuwa nimeliona kanisa letu likicheka hivyo tangu tufike nchi hii. Nilibaki nimesimama.

Pasta alipotulia alisema lililopaswa kusemwa, kwamba amenisamehe, ila mzee wa kanisa siwezi kuwa. Nilijua. Jina lililosomwa ni la Protasi. Alikuja kunipa mkono. Nikamwambia kwamba siku ile aliomba dakika kumi na moja. Alishtuka, akasema alidhani hakuna aliyemwona, kisha akaangua kicheko, akanikumbatia. Bado simpendi sana, lakini si kama jana.

Mama Kostansia hakucheka. Alinisubiri mlangoni na koti langu mkononi. Akauliza jambo moja: jina la Florida, nililitaja au sikulitaja? Nikasema nililitaja, tarehe saba, kwenye mwamba, pamoja na ya watoto. Akauliza mbwa alikuwepo. Nikasema alikuwepo, alikaa kimya muda wote. Akasema vizuri, basi hukuwa peke yako. Akaniuliza tunakwenda saa ngapi Jumamosi, kwa kuwa kukaa nyumbani akitazama simu kunamuua.

Jumamosi, 28 Februari

Tumekwenda watatu, mimi, Mama Kostansia na mbwa. Kamba alishika Kostansia, na mbwa yule, aliyenivuta kilima kizima kwa tumbo, alitembea pembeni yake kama shemasi. Mama alizungumza habari za Florida kwenda na kurudi. Alivyozaliwa, alivyoiba sukari ya mgawo, alivyoimba. Mahojiano yamefanyika, majibu bado. Kileleni tulilitaja jina kwa pamoja, tukashuka. Sikumwona mtu yeyote, na hakuna aliyetuona.

Gary ameniweka kwenye orodha ya foklifti. Nilisahau hata kumshukuru.

Nimetulia moyoni. Sitaki cheo. Nimeandika hapa kwa herufi kubwa ili nisisahau: MTU AWE ALIVYO.

Jumanne, 3 Machi

Leonardi amepiga simu kutoka Hilliard.

Aliondoka kabla ya Jumapili, kwa hiyo anachojua ni mlima, upofu wa theluji, na mbwa mweupe aliyetokea mbele ya mtu wa maombi akawaongoza watu ishirini na saba. Amesimulia Columbus yote. Imefika Louisville, ambako Spés, mdogo wake Angelika, anasema mbwa walikuwa wawili na mmoja aling'aa. Wananitaka kwenye kongamano la Pasaka kule Columbus nitoe ushuhuda. Tangazo limeshachapishwa. Amenitumia picha ya tangazo hilo kwenye simu. Nimeikuza kwa vidole. Mzee Liberati wa Buffalo. Kwa wino. Kwa rangi.

Nilianza kumwambia ukweli, Mungu ni shahidi. Nilifika hadi "ndugu yangu Leonardi, kuhusu yule mbwa". Akanikatiza akasema watu mia tano wanangoja hasa hapo.

Angelika amenitazama kutoka jikoni. Nimemweleza kwamba ninakwenda kwa kusudi moja tu, kusahihisha. Uongo ulioenea mbele ya watu wengi husahihishwa mbele ya watu wengi, kwenye simu haitoshi. Tena haisahihishwi kwa mdomo mtupu, lazima kuwe na kielelezo. Watu wakimwona kwa macho yao wataelewa kwamba ni mbwa wa kawaida tu. Angelika ameniuliza kwa nini basi nimetoa suti nyeupe.

Nimempigia Gary. Nimemwuliza kama Bruno hutapika kwenye gari, safari ya masaa matano.